Daniel Defoe na Deni la Pauni 17,000

Jumapili mbili zilizopita Askofu alihubiri kutoka 2 Wafalme 4, juu ya yule mjane ambaye mdai alikuja kuchukua wanawe wawili wawe watumwa. Tangu siku hiyo ofisi ya kanisa haijapumua. Swali linalokuja ni moja tu, ila kila mtu amelivisha nguo zake. Kuna aliyechukua mkopo wa sacco na sasa wadhamini wake wameanza kukatwa. Kuna aliyekuwa mweka hazina wa chama, mtoto akalazwa, akalipa hospitali na pesa za wenyewe. Kuna aliyebadilisha laini ya simu na kuhama mtaa. Wote wanauliza: mtu akibanwa kabisa, mpaka ukutani, halafu avunje ahadi yake ya kulipa, ametenda dhambi ama Mungu anaelewa?

Mstari mmoja wa Biblia ninaweza kuwapa, na mtaufunga kwa leso mwende nao nyumbani. Zaburi 37:21 uko wazi juu ya anayekopa asilipe. Lakini mama aliyelipa hospitali na pesa za chama anaujua mstari huo. Anachotaka kujua ni afanye nini kesho asubuhi. Kwa hivyo wiki hii nawaletea maisha ya mtu aliyepita hapo miaka zaidi ya 300 iliyopita. Alivunja ahadi nyingi, akalipa nyingi, na akaandika juu ya jambo hili kuliko karibu mtu yeyote wa wakati wake. Wengi mlikutana naye shuleni bila kumjua. Ndiye aliyeandika Robinson Crusoe, hadithi ya yule baharia aliyekaa peke yake kisiwani. Jina lake Daniel Defoe.

Alizaliwa London karibu mwaka 1660. Jina la ukoo lilikuwa Foe tu; ile De aliiongeza mwenyewe akiwa mtu mzima, isikike kibwanyenye kidogo. Baba yake, James Foe, alifanya biashara ya mishumaa. Walikuwa Wapresbiteri, watu wa wokovu kwa lugha yetu, waliokataa kuingizwa kwenye kanisa la serikali, na kwa sababu hiyo vyuo vikuu vya Oxford na Cambridge vilifungiwa watoto wao. Daniel alipelekwa kwenye chuo cha mchungaji Charles Morton huko Newington Green, aandaliwe kuwa mhubiri. Ilipofika karibu 1681 akaacha njia hiyo akaingia sokoni. (Mimi nilitembea njia hiyo hiyo kinyume, kutoka shahada ya biashara mpaka mimbarani, kwa hivyo hapo sina jiwe la kumtupia.)

Alianza na soksi, kwa jumla, katika mtaa wa biashara wa Cornhill. Akaongeza mvinyo, akaongeza tumbaku, akaanza kushughulika na meli. Mwaka 1684 alimwoa Mary Tuffley, na kwa desturi ya kule mali ilitoka upande wa bibi harusi: pauni 3,700. Wapendwa, wakati ule familia ya kibarua wa kawaida iliishi kwa kama pauni 15 hadi 20 kwa mwaka mzima. Huyu kijana alipewa mtaji ambao wengi wetu hatutaushika maishani. Mwaka uliofuata akakimbilia vita vya mtawala wa Monmouth dhidi ya mfalme, wakashindwa, akaponea chupuchupu, akasamehewa 1687. Hiyo ni hadithi nyingine.

Kilichomwangusha kilikuwa cha kawaida kabisa. Alitanua haraka kuliko pesa zilivyoingia. Darasani tulifundishwa kwamba biashara nyingi hazifi kwa kukosa faida, hufa kwa kukosa pesa mkononi siku inayohitajika, na Defoe ni mfano ningempa mwanafunzi yeyote. Mwaka 1689 Uingereza iliingia vitani na Ufaransa. Defoe alikuwa amejiingiza kwenye bima ya meli: unachukua ada ndogo, meli ikizama ama ikitekwa unalipa wewe. Meli zikatekwa. Akaanza kukopa kwa huyu alipe yule. Kati ya 1688 na 1694 alishtakiwa mahakamani si chini ya mara nane.

Na hapo katikati kuna kisa cha ngawa. Ngawa mnawajua, wale wanyama kama paka wanaotoa zabadi, mafuta mazito yanayotiwa kwenye manukato. Katika mwaka 1692, akiwa tayari amezama shingoni, Defoe alinunua ngawa kama 70 kwa pauni zaidi ya 850. Pesa hakuwa nazo. Alikopa kwa mtu ambaye tayari alikuwa anamdai, akisema ni za kulipia wale ngawa, kisha pesa zikaenda kuzima moto mwingine. Aliyeuza ngawa hakulipwa sawasawa, aliyekopesha hakurudishiwa, na maafisa wakaja kukamata wanyama. Mama mkwe wake Joan Tuffley, mjane, akatoa pauni zaidi ya 400 akawanunua. Halafu ikazuka kesi: hawa wanyama hasa ni wa nani, kama Defoe hakuwahi kuwalipia?

Nataka tukae hapa kidogo, kwa sababu hapa ndipo jibu langu kwa wale waliokuja ofisini linaanzia. Tukimwuliza Defoe kama alikuwa na shida ya kweli, atajibu ndiyo, na atakuwa anasema ukweli. Alikuwa na mke na watoto. Vita havikuwa kosa lake. Lakini kuna tofauti kubwa kati ya mtu anayesema sina, na mtu anayechukua pesa kwa jina la kitu kimoja akafanyia kingine. Wa kwanza ameshindwa kutimiza neno lake. Wa pili amehamisha shimo lake akalichimba nyuani kwa mtu mwingine ambaye hata hajui. Shida ya Defoe haikupungua hata senti moja kwa sababu ya wale ngawa. Iligawanywa tu, na sehemu yake ikamwangukia mama mkwe.

Mwaka huo huo wa 1692 akaanguka. Deni: pauni 17,000. Piga hesabu mwenyewe kwa ule mshahara wa kibarua niliokupa. Unapata karibu miaka elfu moja ya kazi. Akafungwa katika gereza la Fleet, gereza la wadaiwa.

Hebu niwaeleze sheria ya wakati ule, maana bila hiyo hatutamtendea haki. Mdai yeyote angeweza kukutia ndani mpaka ulipe. Haikujalisha kwamba mtu aliye ndani hawezi kufanya kazi, na asiyefanya kazi hawezi kulipa. Kumbukumbu la Torati 24 linakataza kumchukulia mtu jiwe lake la kusagia kuwa rehani, kwa sababu hilo ndilo linalompa unga. Sheria ya Uingereza ilichukua jiwe na msagaji pamoja. Na hata mtu akitangazwa amefilisika, mali yote ikagawiwa waliomdai, lililobaki lilimfuata maisha yake yote. Hapakuwa na mwisho.

Matokeo yake yalikuwa nini? Watu wakawa wajanja. Palikuwa na mitaa ndani ya London, kama Whitefriars na ule wa Mint huko Southwark, ambako kwa desturi ya zamani maafisa hawakuthubutu kumkamata mdaiwa. Mfanyabiashara akiona mambo yamechacha, anachukua bidhaa kwa mkopo leo kama mzigo wa kawaida, usiku anazihamishia Mint, anakaa huko akila mali za watu mpaka wanaomdai wachoke wakubali chochote. Defoe aliwachukia watu hawa. Lakini pia aliona vizuri kwamba sheria isiyo na huruma inamfundisha hata mwaminifu kujificha. Ukiambiwa kwamba ukifungua vitabu vyako utaozea ndani, na ukivificha utapona, utafanya nini?

Yeye mwenyewe alijificha. Sheria ya 1677 ilikataza kumkamata mtu siku ya Jumapili kwa deni, na kule Bristol walisimulia baadaye kwamba palikuwa na bwana mmoja aliyevaa vizuri, wigi na upanga kiunoni, akionekana mjini Jumapili peke yake. Wanasema alikuwa Defoe. Sijui mnacheka nini. Hata kwetu wapo wanaokuja ibada ya pili peke yake kwa sababu mwenyekiti wa chama anasali ya kwanza.

Alitoka vipi? Alikaa chini na waliomdai. Wakakubaliana alipe sehemu tu ya kila deni, nao wasamehe kilichobaki, wamwache huru afanye kazi. Hili, wapendwa, si kuvunja ahadi. Ahadi ina pande mbili, na upande wa pili ukisema kwa hiari yake kwamba umekuachilia, umeachiliwa. Watu wengi wanaokuja ofisini hawajawahi kufika hapa kwa sababu hawajawahi kwenda. Wanaona aibu. Mithali 6 inamwambia mtu aliyenaswa kwa maneno ya kinywa chake aende akajinyenyekeze, amsihi jirani yake, asilale usingizi kabla hajafanya hivyo. Haisemi azime simu.

Kilichofuata ndicho kinanifanya nimpende huyu mtu pamoja na mambo yake yote. Karibu katikati ya miaka ya 1690 alianzisha kiwanda cha matofali na vigae huko Tilbury, kando ya mto Thames, katika eneo la Essex. Kwa maelezo yake mwenyewe kiliajiri jamaa masikini wapatao 100. Baadhi ya matofali yale yaliingia kwenye jengo kubwa la mabaharia wastaafu huko Greenwich. Pesa zikaanza kuingia. Sasa Defoe angeweza kujenga na kusahau, kwa maana kisheria wale waliokubali sehemu hawakuwa na la kumdai. Badala yake alianza kuwatafuta. Kuna kijitabu cha siku zile, kilichotoka kwa watu wa upande uliompinga kabisa, ambamo inakiriwa kwamba aliwarudia watu waliokuwa wamemsamehe sehemu, akawamalizia kilichosalia, hasa walioangukia shida wao wenyewe. Mwaka 1706 aliandika kwamba alikuwa ameshusha deni kutoka 17,000 mpaka chini ya 5,000. Tunaosema ahadi imeisha kwa kuwa wakili amesema imeisha, tumtazame huyu.

Pia katika miaka hiyo, mwaka 1697, alitoa kitabu kiitwacho An Essay upon Projects, chenye sura nzima juu ya waliofilisika. Hoja yake ilikuwa ya kibiashara na ya kibiblia kwa pamoja. Anayeficha mali aadhibiwe vikali. Anayefungua kila kitu mezani, akatoa vyote alivyo navyo, aachiliwe aanze upya, kwa sababu waliomdai watapata zaidi kwa mtu aliye kazini kuliko kwa mtu aliye gerezani. Aliendelea kupigia kelele jambo hilo kwenye gazeti lake, Review, alilolianza 1704. Mwaka 1706 Bunge la Uingereza likapitisha sheria iliyosema karibu hivyo hivyo: aliyefilisika akifichua yote kwa ukweli anafunguliwa madeni yake, na akificha kwa udanganyifu adhabu ni kunyongwa. Si Defoe peke yake aliyeifanya ipite, lakini sauti yake ilikuwa humo. Hiyo ndiyo bibi mzaa bibi wa sheria zinazotumika nchi nyingi leo, pamoja na Sheria ya Ufilisi ya Kenya ya 2015, ambayo nayo inampa mdaiwa mwaminifu mlango wa kutokea. Watu wetu wengi hawajui mlango huo upo. Njooni ofisini tuongee, Jumatano ni siku nzuri.

Kama maisha yangekuwa mahubiri ya dakika 30, ningekomea hapo. Lakini kiwanda cha Tilbury kilikufa. Mwisho wa 1702 Defoe alichapisha kijitabu cha kejeli kuwahusu wakubwa wa kanisa la serikali waliowatesa Wakristo wa aina yake. Wakubwa hawakuelewa kejeli, ama waliielewa sana. Alikamatwa Mei 1703, na mwishoni mwa Julai akasimamishwa siku tatu hadharani, shingo na mikono imebanwa kwenye ubao, kisha akarudishwa gerezani Newgate mpaka Novemba. Bila mwenyewe, kiwanda kikaanguka. Alidai kupoteza pauni 3,500. Aliyemtoa gerezani ni mwanasiasa mkubwa, Robert Harley, na kuanzia hapo Defoe akawa mtu wake, akimwandikia na kumpelelezea, hata huko Scotland. Mtu aliyekosa pesa ananunulika kwa bei ya chini. Sisemi hivyo kwa kumdharau. Nawaambia tu angalieni nani anawatoa kwenye shimo, maana atakuja kuuliza habari ya kamba yake.

Robinson Crusoe ilitoka Aprili 1719, akiwa na umri wa karibu miaka 59. Tunakumbuka kisiwa, nyayo mchangani, na Friday. Mimi napenda sehemu ambayo watoto hawasomewi. Baada ya kuokolewa, Robinson anamtafuta yule nahodha mzee Mreno aliyemwachia habari za shamba lake kule Brazil zaidi ya miaka 28 nyuma. Anamkuta. Mzee amekuwa maskini. Anakiri waziwazi: pesa za Robinson zilipita mkononi mwake, akapata hasara baharini, akazitumia kujiokoa na kununua hisa katika meli. Yaani hasa kile kisa cha pesa za chama na hospitali. Sasa mtazame mzee anafanya nini. Hajitetei kwamba alidhani Robinson amekufa, ingawa kila mtu alidhani hivyo. Anatoa mfuko wa dhahabu alio nao, anatoa na hati za hisa za ile meli kuwa dhamana, anaziweka mikononi mwa mwenyewe. Robinson analia. Anachukua vipande 100 vya dhahabu, kwa sababu yeye pia wakati huo hana kitu, anamwandikia risiti na kumrudishia vilivyobaki. Mali zake za Brazil zilipofika, anamrudishia mzee na zile 100, anafuta deni lote, na kumwekea malipo ya kila mwaka mpaka afe.

Mtu aliyeandika hivyo alijua pande zote mbili za meza. Tazameni kwamba Robinson hasamehi kabla mzee hajafungua mfuko. Na mzee hafungui mfuko kwa kuwa amehakikishiwa atasamehewa.

Miaka mitatu baadaye, 1722, aliandika Moll Flanders, maisha ya mwanamke mwizi. Humo na kwingineko aliirudia tena na tena ile sala ya Aguri, Mithali 30, ambapo mtu anamwomba Mungu asimpe utajiri akamkana, wala umaskini akaiba. Defoe aliamini kabisa kwamba wengi wanaojiona wema hawajawahi kujaribiwa na njaa. Nakubaliana naye, na ningependa wazee wa kanisa walikumbuke hilo kabla ya kumsimamisha mtu ushirika. Lakini Defoe huyo huyo anamwonyesha Moll akiendelea kuiba hata alipoweza kujilisha kwa kushona. Uhitaji ulikuwa umekwisha. Mkono ulikuwa umeshazoea.

Kitabu ambacho ningependa kila mfanyabiashara wa kanisa hili asome ni cha 1725, The Complete English Tradesman. Humo mzee Defoe anazungumza na vijana wenye maduka. Anasema mtu akiona anazama, asimame mapema, wakati bado kuna kitu cha kugawia wanaomdai. Asiendelee kukopa mpaka aishe kabisa halafu awaite watu waje kutazama rafu tupu. Alijua alichosema, aliyenunua ngawa 70 akiwa amezama ndiye anayetoa ushauri huu. Pia anajadili zile ahadi za sokoni za kulipa siku fulani. Kwake, mfanyabiashara anaposema nitalipa Ijumaa, kila mtu anaelewa kuna sharti ndani yake, kwamba na yeye alipwe na wengine. Asipolipwa na akashindwa, si mwongo, ila ingekuwa bora alitamke lile sharti wazi.

Hapa namkubali nusu. Ni kweli Yakobo 4 inatufundisha kusema Bwana akipenda. Lakini anayeambiwa Ijumaa naye amewaambia wengine Ijumaa. Mama wa mboga anayekudai 800 amemwahidi mwenye nyumba. Kama ulijua Jumatano kwamba haitawezekana, ulikuwa na deni la pili tangu hiyo Jumatano, na hilo halihitaji pesa: kumpigia simu na kumwambia. Nimeona ndoa na ushirika vikivunjika kwa sababu ya hilo deni la pili kuliko la kwanza. Kukopa harusi, kulipa matanga, tunasema. Matanga yenyewe huwa marefu zaidi pale marehemu akijificha.

Kuna mambo ambayo uhitaji unayaruhusu, nami sitaki kuwafunga mzigo msioweza kuubeba. Mtoto akiwa anakufa na pesa pekee ndani ya nyumba ni za mkopo wa wiki ijayo, mpeleke hospitali. Hakuna mdai mwenye akili anayetaka uzike mtoto ili yeye alipwe Jumatatu. Ila hapo umetumia pesa zako ulizokuwa utamlipa, umechelewa tu. Pesa za chama si zako. Ziko kwako kama vile wale ngawa walivyokuwa uani kwa Defoe. Kabla ya kuzigusa kuna watu 20 wa kupigiwa simu, na kwa uzoefu wangu wanachama wengi hukubali, hata saa nane za usiku. Umeshazigusa bila kuuliza? Basi nenda kama yule nahodha, na mfuko wazi, kabla hawajagundua wenyewe.

Defoe mwenyewe mwishoni hakwenda hivyo. Mwaka 1730, akiwa na miaka kama 70, deni la zamani sana lilifufuka, la nyakati za kabla ya kufilisika, ambalo yeye aliamini lilishamalizwa. Dai hilo lilikuwa limerithiwa mpaka likafika kwa mwanamke aitwaye Mary Brooke. Defoe alitoroka nyumbani. Mali yake alikuwa ameiandikisha kwa mwanawe wa kiume, na waandishi wengi wa maisha yake wanaona shabaha ilikuwa kuiweka mbali na mkono wa mdai, huku mwana akiaminiwa amtunze mama yake na dada zake. Mwana hakutunza. Kuna barua ya Agosti 1730, Defoe akimwandikia mkwe wake kwa uchungu kwamba mwanawe amewaacha mama na dada zake waombe kwake kile kilicho chao.

Alifariki tarehe 24 Aprili 1731 katika nyumba ya kupanga, Ropemakers' Alley, karibu na mtaa aliozaliwa, mbali na mke wake. Akazikwa Bunhill Fields, alikozikwa John Bunyan kabla yake, na ambako Susanna Wesley angezikwa miaka 11 baadaye. Aliyeandika kitabu cha mazishi alikosea hata jina lake. Mary mkewe akafa Desemba 1732.

Huwa tunamfikiria mdai kuwa tajiri, na mjane kuwa mdaiwa, kama kule 2 Wafalme. Septemba 1733 mahakama ilitoa mamlaka ya kusimamia kile kidogo alichoacha Daniel Defoe. Mamlaka hayo alipewa Mary Brooke kwa sababu alikuwa akimdai. Kwenye hati ameandikwa kuwa mjane.